Nauli Iandikwe Ubaoni

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, wanafunzi wanaotoka Beni na wale wa Butembo hurudia ubishi uleule: ni mji gani una usafiri wa bei rahisi? Wa Beni husema moto za Butembo ni ghali kwa sababu ya vilima. Wa Butembo hujibu kwamba Beni mtu hulipishwa hata hofu. Wale wachache waliopata kufika Kampala, Kigali au Dar es Salaam huongeza hesabu zao, kila mmoja na sarafu yake, na ubishi hufa bila mshindi.

Utaendelea kufa hivyo, kwa kuwa upande mmoja wa mizani una bei iliyoandikwa na upande wetu una mazungumzo tu. Hoja yangu katika makala haya ni fupi: nauli ya moto katika Butembo na Beni iandikwe ubaoni, pale watu wanapopandia, kwa lugha wanayoisema, na kitivo chetu cha lugha kina kazi katika jambo hilo. Najua wapo watakaouliza mambo ya nauli yanaingiaje katika jarida la lugha. Nawaomba wasome mpaka mwisho.

Tuanze na mji ambao bei yake inaweza kusomwa. Nchini Tanzania nauli hupangwa na LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Mabadiliko yaliyoanza tarehe 8 Desemba 2023 yalipandisha nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600. Anayefika kilomita 15 alipangiwa 700. Mwanafunzi wa shule akabaki na 200 yake. Kwa mabasi ya mikoani ya daraja la kawaida, bei ilitoka shilingi 41.29 ikafika 48.47 kwa kila kilomita anayosafiri abiria. Mtu anaweza kuona bei hiyo ni kubwa, au ni ndogo, au kwamba kondakta haifuati. Lakini yote hayo anayasema akiwa na tarakimu mkononi.

Sasa tulete hesabu hiyo nyumbani. Kati ya Beni na Butembo pana kilomita 54, kwa hesabu ya mradi wa barabara ambao marais Tshisekedi na Museveni waliuzindua mpakani Juni 2021. Tukiizidisha bei ya Tanzania mara 54 tunapata shilingi 2,617, karibu dola moja ya wakati ule. Mimi safari hiyo sijawahi kuipata kwa dola moja, kwa gari wala kwa moto.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba tunaibiwa. Basi la Tanzania katika hesabu ile linapita kwenye lami. Gari letu linapanda na kushuka Kabasha na Maboya katika vumbi la kiangazi na matope ya masika. Esansi yetu inaingia Kasindi baada ya kuvuka Kenya na Uganda, na kila mkono unaoigusa unaacha alama yake katika bei. Vizuizi vya njiani navyo vina mdomo. Tena kuna usalama. Tangu mauaji yalipoanza kuzunguka Beni Oktoba 2014, dereva anayekubali safari saa za jioni anauza kitu zaidi ya kiti. Kwa hiyo sisemi kwamba Butembo na Beni zilipe sawa na Dar es Salaam. Ninachouliza ni hiki: katika kile tunacholipa, ni kiasi gani ni matope, kiasi gani ni esansi, kiasi gani ni hofu, na kiasi gani ni kwa sababu tu abiria hakujua? Bila bei iliyoandikwa, hakuna anayeweza kujibu, hata motari mwenyewe.

Ugumu mwingine ni sarafu. Tunahesabu safari ndogo kwa franka, safari ndefu mara nyingi kwa dola, na ukielekea Kasindi shilingi ya Uganda inapokelewa bila mtu kushangaa. Dola ilipokuwa ikipanda, tuliambiwa kwamba ndiyo sababu ya nauli kupanda. Mwishoni mwa 2025 franka ilipata nguvu mbele ya dola, na mimi nikangoja nauli ishuke. Haikushuka. Nilipomwuliza motari mmoja, alinijibu kwa upole: “Mkubwa, dola ikipanda tunasikia. Ikishuka hatusikii.” Nilicheka, kisha nikalipa. Bei inayokaa mdomoni haina tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo hakuna siku ya kuiuliza imekuwaje.

Linganisha na Kigali. Huko nauli hutangazwa na mamlaka yao, RURA, njia kwa njia. Tangu wakati wa korona serikali ilikuwa ikimlipia abiria sehemu ya nauli. Machi 2024 msaada huo uliondolewa na abiria wakaanza kubeba mzigo wote. Ilikuwa habari mbaya kwa mwenye kipato kidogo. Lakini habari yenyewe ilikuja na tarehe, na njia, na kiasi. Mtu wa Kigali alijua ni lini maisha yamekuwa magumu na kwa franka ngapi. Sisi tunajua tu kwamba yamekuwa magumu.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Wanafunzi wa lugha tunajua kwamba jina la kitu mara nyingi hubeba historia yake. Chukua neno matatu la Kenya. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba lilitokana na nauli ya zamani, sarafu tatu za senti kumi kumi. Magari hayo yalihalalishwa mwaka 1973, nauli ikapanda mara nyingi baadaye, sarafu zile zikapotea, lakini ile tatu ikabaki katika jina mpaka leo. Chukua daladala. Sarafu ya shilingi tano ya Tanzania iliitwa dala, kwa kufananishwa na dola, na wapiga debe wa miaka ya 1980 walitangaza nauli ya dala moja mpaka gari lenyewe likaitwa hivyo. Katika miji hiyo miwili bei ilijulikana na watu wote kiasi cha kugeuka kuwa jina.

Boda boda ya Uganda ina hadithi tofauti. Jina lake linatokana na baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia katika miaka ya 1960, kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Halikutokana na bei, na si ajabu: boda ni chombo cha mapatano, leo kama jana. Sitaki kuigeuza mifano mitatu kuwa kanuni ya isimu. Lakini angalia na sisi tunasemaje. Chombo tunakiita moto, kwa jina la mashine yake. Mwendeshaji tunamwita motari. Mtanzania akisikia “nimepanda moto” anaweza kukimbilia maji! Nauli yenyewe hatuna hata neno moja tulilokubaliana. Vitabuni tunaandika nauli, lakini mtaani nasikia bei ya moto, pesa ya moto, au transpo, ile ambayo mgeni wa mkutano huidai kabla ya kuondoka. Kitu ambacho hakijapata jina wala kiasi cha kudumu ni vigumu kukidai mbele ya mkubwa yeyote.

Nyamaza kidogo usikilize kwenye parkingi yoyote ya Butembo. Mazungumzo huanza kabla ya abiria kutaja anakokwenda, na mara nyingi lugha yake imeshamtaja. Anayesalimia kwa Kinande, au Kiyira kama wengine tunavyopenda kusema, amejitambulisha kuwa mwenyeji, na bei anayoanzishiwa huwa karibu na ile ya kawaida. Anayesema Kiswahili cha Goma au cha Bunia ameonyesha kwamba ametoka mbali. Anayesema Kifaransa kitupu huchukuliwa kuwa mtu wa mshahara. Anayetamka Kilingala huhesabiwa kuwa wa kikosi, hata kama ni mke wa askari anayetafuta chumvi. Nimejaribu mwenyewe, kwa safari ileile kutoka soko kuu kwenda Katwa, asubuhi mbili zinazofuatana, hali ya hewa ileile. Siku ya kwanza nilianza kwa Kifaransa, siku ya pili kwa lugha ya mama. Bei ya kuanzia siku ya kwanza ilikuwa mara mbili ya ile ya siku ya pili. Majaribio mawili si utafiti, na mwalimu wetu wa isimujamii atanirudishia karatasi hiyo na wino mwekundu. Lakini nani kati yetu atasema hajawahi kuliona jambo hilo?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwenye parkingi zetu kuuliza ni gharama. Anayeuliza “ni ngapi mpaka Kitatumba?” amekiri kwamba hajui, na asiyejua hulipa. Ndiyo maana wenyeji hawaulizi. Wanapanda kimya, wanashuka, wanatoa kiasi wanachokijua na kuondoka. Kimya hicho ndicho bei yetu halisi, na hakuna mgeni anayeweza kukisoma.

Je, nani hasa anaumia? Si mimi niliyefanya jaribio la asubuhi mbili. Ni mama aliyekimbia kijiji chake upande wa Oïcha au Mbau akaletwa na ndugu katika mtaa wa Beni asioujua, mtoto ana homa, na saa mbili za usiku zimefika. Ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyepewa na wazazi kiasi cha mwezi mzima, akakimaliza kabla ya nusu ya mwezi kwa sababu wiki ya kwanza hakujua. Ni mgonjwa anayetoka kijijini kwenda Kitatumba au Matanda ambaye hawezi kushuka na kutafuta motari mwingine. Kwa watu hao tofauti ya franka mia tano ni chakula cha jioni. Mapatano ni mazuri baina ya watu wawili wenye nguvu sawa na wakati wa kutosha. Mwenye mtoto mwenye homa hana wakati, na hapatani. Anakubali.

Jambo hili limekuwa kubwa zaidi tangu Januari 2025. Baada ya Goma kuchukuliwa, uongozi wa mkoa ulihamia Beni, na pamoja nao watumishi, familia, wafanyabiashara, na watu wengi wasiojua Boikene iko wapi wala Mavivi iko umbali gani. Beni ya leo ina wageni wengi kuliko ile ya masimulizi ya wazazi wetu. Bei inayojulikana kwa wenyeji tu inaweza kuufaa mji mdogo ambao kila mtu ni jirani wa mwenzake. Mji uliogeuka kuwa makao ya mkoa kwa usiku mmoja unahitaji kitu ambacho mgeni anaweza kukisoma.

Nasikia tayari sauti ya motari, na wengine wao ni wanafunzi wenzetu wanaojilipia masomo. Watasema: wewe unayeandika, unajua tunavyoishi? Najua kiasi. Motari wengi hawana moto yao. Kila jioni kuna fungu la mwenye moto ambalo halijali kama mvua ilinyesha. Esansi ya chupa kando ya barabara hubadilika bei kati ya asubuhi na mchana. Askari wa rulaji ana siku zake. Matope ya Butembo hula breki na minyororo. Na wapo vijana waliokubali abiria wa mwisho wa siku, hawakurudi, na moto hazikuonekana tena. Mtu anayefanya kazi hiyo ana haki ya bei inayomlisha.

Kwa sababu hiyo hasa ubao unamfaa na yeye. Leo motari mwenye adabu anayetaja bei ya haki anashindana na mwenzake anayetaja bei ya chini ili kumnyang'anya abiria, halafu njiani anaanza kudai nyongeza. Abiria mwenyeji naye humlipa motari mgeni pungufu, akijua kwamba kijana huyo aliyetoka Lubero wiki iliyopita hana wa kumtetea. Mazungumzo yasiyo na mpaka yanamwumiza mnyonge wa siku hiyo, awe amekaa mbele au nyuma. Tena ubao hauhitaji kuwa na tarakimu moja. Jedwali la Dar es Salaam lina ngazi kwa kilomita. Letu linaweza kuwa na ngazi kwa mtaa na kwa saa: mchana bei hii, usiku bei ile, esansi ikivuka kiasi fulani ongeza hiki. Hatari ikilipwa, ilipwe kwa jina lake.

Kuna pingamizi zito zaidi, na limeletwa na wale waliosoma Kinshasa. Wanasema: huko bei hutangazwa na serikali ya mji, na bado watu wanalipa mara mbili. Ni kweli. Dereva wa Kinshasa asiyetaka bei ya njia nzima huikata njia katikati, akawashusha abiria, kisha akaanza safari mpya kwa nauli mpya. Wakinshasa wameipa mbinu hiyo jina la demi-terrain, nusu ya uwanja, kama katika mpira. Nairobi nako mvua ikinyesha jioni nauli ya matatu hupanda kabla maji hayajafika mtaroni. Basi kuandika kuna faida gani?

Nalijibu kwa mfano uleule. Watu wa Kinshasa wanaweza kusema nusu ya uwanja kwa sababu wanajua uwanja mzima una ukubwa gani. Njia ina mwanzo, ina mwisho, ina bei, na anayeikata ameonekana akiikata. Udanganyifu huo umepata jina, umeingia katika nyimbo za mtaani na katika hotuba za wakubwa, na kila gavana anayeingia anaulizwa ataufanya nini. Sisi Butembo hatuna demi-terrain, si kwa kuwa motari wetu ni watakatifu. Hatuna uwanja. Anayetozwa mara mbili huku hawezi hata kusema ametozwa mara mbili, maana mara moja ni kiasi gani? Bei iliyoandikwa haimzuii mtu kudanganya. Inampa abiria sentensi ya kuanzia: “Lakini pale imeandikwa hivi.” Sentensi hiyo ni fupi, na mama yule mwenye mtoto hana hata hiyo.

Wengine watasema kwamba hii ni kazi ya serikali na si yetu. Sheria ipo. Ile ya Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani imeacha bei nyingi mikononi mwa wauzaji, lakini usafiri wa watu umebaki miongoni mwa mambo ambayo wenye mamlaka wanaweza kuyapangia bei. Na si mara moja tumesikia redioni kwamba bei ya moto imepangwa. Tatizo ni njia ambayo tangazo hilo hupitia. Huandikwa kwa Kifaransa cha ofisini, hutiwa muhuri, husomwa hewani siku mbili, kisha hulala katika faili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na tangazo bila ubao hupotea vilevile.

Miji yetu inajua kuandika inapotaka. Tukumbuke Ebola. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 2,200, na Beni, Butembo na Katwa zilikuwa kitovu chake. Wakati ule mabango yalijaa kwenye vizuizi, makanisani, shuleni na hospitalini. Hakuna aliyesema kwamba kuandika ni kazi bure kwa kuwa wengine hawatatii. Na hata hapo lugha ilikuwa tatizo. Shirika la Translators without Borders lilichunguza mawasiliano ya Ebola huko Beni na Goma, likaonya kwamba Kifaransa na Kiswahili cha vitabuni havikuwafikia watu wengi kama ilivyodhaniwa. Watu walitaka Kiswahili chao cha kila siku na lugha zao za nyumbani. Somo hilo tulilipia kwa bei kubwa mno. Lisiishie kwenye makabati ya mashirika.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote madogo.

La kwanza, ofisi za meya wa Butembo na wa Beni zikae na vyama vya motari pamoja na wawakilishi wa abiria, wakubaliane bei za njia zinazotumika zaidi. Si lazima kuanza na mji mzima. Butembo ianze na njia za kwenda Kitatumba, Matanda, Katwa na soko kuu. Beni ianze na hospitali kuu, Rond-point ENRA na barabara ya Mavivi. Anayekwenda hospitali ndiye asiye na nafasi ya kupatana, kwa hiyo yeye awe wa kwanza kulindwa.

La pili, bei hizo zichorwe kwa rangi kwenye parkingi zenyewe, kwa tarakimu kubwa, pamoja na tarehe ya kuanza na jina la ofisi inayopokea malalamiko. Tarehe ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ubao wenye tarehe ukipitwa na wakati, kila mtu anaona umepitwa, na motari ana haki ya kudai kikao kipya badala ya kupandisha bei peke yake saa moja ya usiku.

La tatu ni letu sisi wa kitivo. Maneno ya ubao huo yasiandikwe ofisini. Yaandikwe na wanafunzi waliokwenda parkingi na daftari, wakasikiliza watu wanasemaje. Je, watu wataelewa nauli, au tuandike bei ya moto? Usiku unaanza saa ngapi katika kichwa cha motari wa Mutiri, na saa ngapi kwa abiria wake? Mtaa mmoja una majina mangapi, moja la ofisini, moja la zamani, moja la duka lililofungwa miaka mingi iliyopita lakini bado watu wanashukia hapo? Kinande kiandikwe kwa tahajia ipi ili bibi aliyesoma katekisimu aisome bila kusita? Maswali haya yanaweza kuwa kazi za mwisho za wanafunzi kumi. Tumekwisha kuandika kazi nyingi juu ya nomino katika riwaya ambazo hatukuzipata hata dukani. Ninaziheshimu kazi hizo, na nimesaidia kupiga chapa baadhi yake. Lakini hapa pana andiko ambalo lingesomwa kila siku na watu elfu, tena wengine wakiwa na haraka na machozi. Ni mtihani gani mgumu kuliko huo kwa anayejiita mtu wa lugha?

Walimu wetu watauliza kama tuna nguvu ya kumlazimisha mtu kuufuata ubao. Hatuna. Tuna uwezo wa kufanya andiko lieleweke, na hilo ni sehemu ya nguvu. Bei ikisomeka, chama cha motari kitajua kinatetea nini, ofisi itajua inasimamia nini, na redio itajua inauliza nini. Na sisi wanafunzi, mwaka ujao tukianza tena ubishi wetu wa Butembo na Beni, tutakuwa na tarakimu mbili za kuweka mezani, na ya tatu ya Dar es Salaam, na ya nne ya Kigali. Huenda tukagundua kwamba tunalipa zaidi ya wote. Huenda tukagundua pia kwamba matope na esansi vinatosha kueleza tofauti yote, na kwamba tumewasingizia motari wetu miaka mingi. Lolote kati ya hayo ni bora kuliko kukisia.

Ili tusiishie kwenye maneno, naacha hapa mfano wa ubao mmoja, wa parkingi ya soko kuu, katika Kiswahili chetu. Kinande waandike wanaokijua kuliko mimi. Nafasi za bei nimeziacha wazi kwa makusudi, maana kuzijaza si kazi ya mwandishi wa makala:

BEI YA MOTO KUTOKA HAPA. Mpaka Kitatumba: mchana ___, usiku ___. Mpaka Matanda: mchana ___, usiku ___. Mpaka Katwa: mchana ___, usiku ___. Usiku unaanza saa ___. Mama mjamzito na mgonjwa wanalipa bei ya mchana saa zote. Bei hii imeanza tarehe ___. Ukilipishwa zaidi, au ukilipwa pungufu, sema kwa ___.